Tuzo ya Mwenye Kuonekana

Vijana wa kikundi cha maigizo, mlinijia Jumapili baada ya misa, mmevaa miwani ya jua mpaka ndani ya kanisa, mkaniomba niwaandikie namna ya kushinda tuzo ya filamu. Hamkuuliza namna ya kuigiza. Hilo naona mnalijua tayari, mmejifunza kwenye simu. Nilicheka hadi tata mmoja, mzee wa kwaya, akageuka kunitazama. Basi nawaandikia, kwa sababu nimezeeka na sina tena wa kumwogopa, na kwa sababu mlikuja na sukari. Msidhani sukari hiyo nitaitia humu.

Nitaandika Kiswahili kile masista walichonifundisha kwa fimbo, lakini watu wa habari hii wakifungua kinywa nitawaacha waseme cha kwetu.

Hapa Kolwezi wananiita Mama Mukwe. Jina langu la ubatizo mtalisikia siku ya mazishi yangu, kama padri atakuwa hajalisahau. Nimekuwa mama mkwe jukwaani, nikawa mama mkwe redioni, halafu zilipokuja kamera nikawa mama mkwe kwenye filamu, na kazi hiyo nimeifanya muda mrefu kuliko nilivyokuwa mke nyumbani kwangu. Sijawahi kuwa nyota. Mimi nilikuwa yule anayefungua mlango ili nyota aingie, anayemwuliza nyota swali ili apate kujibu, anayepigwa kofi ili watu wajue nyota amekasirika. Hiyo ndiyo nafasi ya pili. Magoti yalipokataa kusimama kutwa nzima wakaniweka kwenye kamati ya waamuzi, nikae kitini nipime wanawake wanaofanya kazi niliyoifanya. Nilifurahi. Nilidhani nitapima kazi.

Aliyenifundisha ni Mama Sidonie, aliyeongoza kikundi cha cité, mtaa wa wafanyakazi wa migodi, enzi zile kampuni ilikuwa bado na moyo wa kulipia maigizo. Mara yangu ya kwanza jukwaani nilikuwa mtumishi, kazi yangu kuleta chai na kutoka. Nililetea watu chai ile kwa mwendo ambao ninyi mngeupiga picha. Ukumbi ukapiga makofi, nami nikainama kushukuru, chai ikamwagikia bwana wa nyumba. Nyuma ya pazia Mama Sidonie alinifinya mkono mpaka alama ikabaki, akaniuliza, "Ulileta chai, ao ulileta mwili?" Tangu siku hiyo kila mwigizaji ninayemtazama namwuliza swali hilo kimoyomoyo, na wengi wanaleta mwili.

Kwa michezo ya redio alikuwa na desturi yake. Alitusimamisha tukiangalia ukuta, kila mtu na ukuta wake, tusionane. Alisema ukimwona mwenzako utategemea sura yake, utaacha kumsikiliza. Na hasira alitufundisha kwa namna ambayo hapa mjini ni kama wazimu. Ninyi mkikasirika mnapanda juu, na jirani anapanda juu zaidi, na mbwa anaingia naye. Yeye alitaka tuvute pumzi kwa pua, tuizuie, tumwache mwenzetu amalize, kisha tuseme kwa kushuka chini. Alitaka mtu wa kiti cha mwisho ainame mbele ili asikie. Baadaye, nilipokuwa nafundisha kule ukumbi wa paroisse, parokia yetu, niliwapa wasichana wengi hilo zoezi. Walicheka, wakaniita bibi wa zamani, wakaenda kupaka kucha. Mmoja tu alilichukua, na jina lake ni Feza. Mshike jina hilo, kwa sababu hamtalikuta kwenye filamu yoyote.

Sasa mwaka wenyewe.

Kamati ilikutana kwenye chumba cha mikutano cha hoteli moja mjini, televisheni ukutani, na umeme ukikatika tulikaa gizani tukisubiri mtu awashe groupe, jenereta ya hoteli. Rais wetu alikuwa Tata Prof, mwalimu wa lycée, shule ya sekondari, mtu wa tai na maneno marefu. Kando yake alikaa mfanyabiashara wa madini aliyefadhili sherehe, na huyo kazi yake ilikuwa kulala. Walikuwapo na wengine wawili ambao kazi yao ilikuwa kukubali. Mimi ndiye niliyekuwa mwanamke pekee, nikaketishwa karibu na chupa za maji ili nigawe.

Mungu wangu, tuliyoyaona. Kulikuwa na nesi anayekuja kumwambia mama kwamba mtoto wake amekufa, na mdomoni anatafuna chingamu. Kucha zake zilikuwa ndefu hata sindano haishikiki, ikabidi mgonjwa amsaidie. Kulikuwa na mtumishi wa nyumba ambaye kila akiingia anaitazama kamera kama anapigwa picha ya pasipoti. Filamu nyingine ilitupeleka mpaka Musumba, kwenye ua wa mfalme, na mke mwenza akashuka pale kutoka safarini na kope za bandia na viatu vyeupe. Mtu yeyote aliyewahi kupita barabara ya Kapanga kwenda huko anajua unafika ukiwa na rangi ya barabara, hata meno. Yule alifika mweupe kama sahani. Tata Prof akasema ni mfano wa usafi wa moyo. Nikamwuliza kama aliwahi kufika Musumba, akasema sanaa haisafiri kwa gari.

Halafu walikuja wanaolia. Ninyi mabinti mmeshajua kwamba waamuzi wanapenda machozi, basi mnapaka zeri ya mafua chini ya macho, mnalia. Wifi analia, jirani analia, muuza nyanya analia, na hadithi bado haijaanza. Tata Prof kila akiona chozi alikuwa anaandika. Nilimwambia kwamba kitunguu kinafanya kazi hiyo vizuri zaidi na hakidai nauli. Hakucheka. Yule mfadhili ndiye aliyecheka, akiwa usingizini, sijui ndoto gani.

Ya mwisho ilikuwa filamu ya kijana mmoja anaitwa Guylain. Hadithi yake haikuwa mbaya. Mjane anauza makala, yaani mkaa, pale Musonoi, kwenye kiwanja alichoachiwa na mumewe. Wifi yake, dada wa marehemu, anashuka kutoka kwenye gari na kuja kumfukuza. Mambo yote ya filamu yamekaa kwenye ugomvi wa wale wawili. Wifi alikuwa Merveille. Mnamfahamu Merveille, picha zake mmezibandika kwenye simu zenu. Ni mzuri, sikatai. Hata akisimama bure watu wanasimama naye. Muuza makala alikuwa Feza wangu, kitambaa kichwani, mikono myeusi, ameinama juu ya gunia.

Ugomvi ulipokwisha, hata mfadhili aliamka. Tata Prof akavua miwani, akasema sauti ile ya Merveille, sauti ile, mwanamke yule ana utawala. Wale wawili wa kukubali wakakubali. Kuhusu muuza makala alisema amejitahidi, lakini yuko kimyakimya mno, haonekani. Mimi pia nilikuwa nimesisimka. Lakini kuna kitu kilinikera, kama punje ya mchanga ndani ya mboga ya sombe. Nikaomba warudishe ule ugomvi mwanzo. Nikageuza kiti, nikaipa televisheni mgongo.

Walinicheka wee. Tata Prof aliuliza kama Mama Mukwe ameanza kusali. Niliwaacha. Nikafumba macho, nikasikiliza kama tulivyosikiliza tukiwa ukutani. Wifi alivuta pumzi kwa pua, akaizuia, akangoja, akashuka chini. Muuza makala akavuta pumzi kwa pua, akaizuia, akangoja, akashuka chini. Mmoja alikuwa na sauti nzito ya mtu aliyeshiba, mwingine sauti kavu ya vumbi, lakini waliteremka ngazi ile ile. Na ngazi ile niliijenga mimi, kwenye koo la mtu mmoja tu. Feza alikuwa anagombana na Feza.

Kesho yake nikapanda pikipiki ya taksi-moto mpaka Musonoi, mahali nyumba zimekaa ukingoni mwa mashimo na wachimbaji wanapita na magunia yao asubuhi mpaka jioni. Nilimkuta anafua. Alikuwa amepanga chumba kimoja nyuma ya duka, na watoto wake amewaacha kwa mama yake Mutshatsha, kule reli inakoelekea magharibi, ambako familia yao inachoma na kuuza makala kwelikweli. Nilimwambia tu kwamba nimewasikia wote wawili. Aliinamia beseni, akaanza kucheka, kisha hakucheka tena.

Alinieleza. Walipiga filamu karibu na barabara ya malori ya madini, na groupe ya jirani inanguruma, kwa hiyo sauti yote ilitoka takataka. Ikabidi warudie sauti ndani ya chumba, magodoro yamesimamishwa ukutani, mtu anasema huku akifuata midomo yake kwenye kioo cha televisheni. Merveille alijaribu. Sauti yake ni nyembamba kama uzi, na midomo ilikuwa inakwenda kwake, sauti inakwenda kwao. Guylain akakasirika, akamrudisha nyumbani, akamwambia Feza afanye wote wawili. Akamwapisha asimwambie mtu. Jina la Feza akaliandika mwishoni mwa filamu, chini ya yule aliyekodisha viti. Hata hapo aliandika F. tu, nukta.

Alichokitaka Feza mnapaswa kukijua, maana habari yote iko hapo. Mshindi wa mwaka ule alikuwa ameahidiwa nafasi kubwa katika filamu ijayo ya Guylain. Feza amekuwa jirani, mtumishi na sauti ya watu wengine miaka na miaka, akasubiri siku ya kusimama na uso wake. Alijikamua mikono, akaniambia, "Mama, huu mwaka njo wa mwisho. Batoto beko Mutshatsha kwa mama. Nikipiga simu, ule mudogo anauliza ni nani. Kama haitoke kitu, narudia kule, nauzisha makala na wao."

Nikamwuliza kama niseme kwenye kamati.

"Kama unasema, Guylain hataniita tena," akasema. "Kama unanyamaza, ataniita, lakini sura yangu hataiita hata siku moja. Sasa mi nichague nini?"

Nilimwambia asichague kitu, kuchagua ni kazi yangu, ndiyo maana nilikalishwa kwenye kiti. Nilirudi mjini nikiwa na kiburi, nawaambia kweli. Nilijiona kama nimeshashinda.

Kamati ilipokaa kupiga kura nikawaeleza yote, magodoro na midomo. Nilitegemea waone haya. Wale wawili walimtazama Tata Prof wajue wafikiri nini. Tata Prof alifuta miwani taratibu, akaniambia neno ambalo nitakufa nalo: "Mama, tuzo iko ya mwenye kuonekana. Sauti ni teknike." Nikamwuliza, alipovua miwani na kusema sauti ile, sauti ile, alikuwa anasifu teknike? Akasema tusichanganye mambo. Mfadhili akasema mabango yenye picha ya Merveille yameshabandikwa mjini. Kura zikapigwa, na yangu ikabaki peke yake kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Lakini mimi ni mama mkwe. Kazi ya mama mkwe haiishii mlango ulipofungwa.

Kuna desturi yetu hapa ambayo watu wa sherehe za miji mingine wanaishangaa. Mshindi hapewi sanamu hivi hivi. Anapanda jukwaani, na kabla hajaigusa anacheza kipande cha filamu yake mbele ya ukumbi, mzimamzima, bila kioo. Watu wa Kolwezi wamedanganywa na vioo vya kutosha. Wanataka kuona mtu. Na anayechagua kipande ni mwamuzi mkubwa kwa umri. Tata Prof alinyoa kichwa kuficha mvi, lakini mkubwa ni mimi. Nikachagua ugomvi. Ugomvi unahitaji watu wawili, kwa hiyo nikamtumia Feza habari aje na gunia lake. Nilimwelekeza vizuri. Nilimwambia, sema maneno ya muuza makala tu. Neno la wifi likifika, nyamaza. Ukumbi wenyewe utasikia.

Mnaona mtego ulivyokuwa. Sikuwa na chuki na Merveille. Kusema kweli sikuwa na kitu chochote naye. Kwangu alikuwa kama pazia. Nilitaka lifunguliwe.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mbele walikaa wakubwa na wake zao wenye bikwembe, vitenge vipya vinavyolia wakigeuka, nyuma wakajaa wachimbaji na wauza maji. Jina la Merveille likatajwa, kelele ikapanda. Alipanda na gauni refu, anacheka na watu wote. Feza alipanda baada yake na gunia mgongoni, na watu wa mbele walidhani ni mtu wa kusafisha. Akalitua gunia, akapiga magoti kando yake. Kipaza sauti kilikuwa kimoja, kimesimama kwenye mti wake kati yao.

Feza akaanza. Ile sauti kavu, chini, na wachimbaji kule nyuma wakanyamaza wenyewe. Kisha ikawa zamu ya wifi. Merveille akafungua kinywa, na kikatoka kile kiuzi. Mtu wa nyuma akapaza sauti kwamba hawasikii. Akajaribu tena kwa nguvu, kikatoka kiuzi kilichovutwa. Kicheko kikaanza pale nyuma, kidogo, kikaja kinakua. Mimi kitini nilisugua mikono yangu kwa furaha. Merveille akasimama. Maneno yalimtoka kichwani yote, nilimwona macho yakitafuta mlango, na chini ya poda uso ukawa majivu. Msichana yule alikuwa na umri gani, wa kucheza kamba. Akamtazama Feza.

Feza akanitazama mimi. Nilikuwa mstari wa mbele, tulionana vizuri. Nikamtikisia kichwa: nyamaza. Kilichobaki kilikuwa kunyamaza tu. Angekaa kimya kidogo zaidi, kicheko kingefika mbele, Tata Prof angesimama kufanya nini sijui, na mimi ningepanda kusema ukweli wote mbele ya mji, na mji ungetaka kusikia ile sauti iko wapi.

Feza akageuza mgongo. Aliugeuzia ukumbi kama mtu anayepanga makala yake, akainamisha kichwa karibu na mguu wa kipaza sauti, akavuta pumzi kwa pua. Na ile sauti nzito ya wifi ikajaa ukumbi.

Merveille alishtuka kama mtu aliyeguswa begani. Halafu midomo yake ikaanza kwenda. Akainua kidevu. Feza akajibu kama muuza makala, akarudi kuwa wifi, akajibu tena, huku mikono yake inapanga vipande vya makala, na anakwenda taratibu, anamngoja yule msichana, anamwachia nafasi ya kuvuta pumzi ili midomo isiachwe. Alimbeba kutoka mwanzo mpaka mwisho. Wakubwa wa mbele walisimama. Wachimbaji walipiga makofi mpaka vumbi likashuka kwenye dari. Tata Prof alivua miwani, akafuta macho, na safari hii hakuwa na muda wa kuandika.

Hakuna aliyejua. Ukumbi mzima, watu wenye masikio mawili kila mmoja, wote walikuwa wanatazama.

Sanamu akapewa Merveille. Feza akakusanya makala yake, maana mengine yalikuwa yamebingirika chini ya meza ya wakubwa, akashuka kwa mlango wa nyuma. Nilimfuata nikiwa nimewaka. Nilimtukana, sitawaficha. Nilimwita mjinga, nikamwambia ameitupa siku yake mwenyewe mbele ya macho yangu, na watoto wake pamoja nayo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kama nilivyomfundisha. Kisha akasema chini, ikabidi niiname.

"Mama Mukwe, ule mutoto alikuwa naanguka. Mi nimuache?"

Maisha yangu yote nimehubiri kwamba kazi ya nafasi ya pili ni kumshika mwenzako asianguke, na siku nilipoiona ikifanywa mbele yangu, bora kuliko nilivyowahi kuiona ikifanywa, nilikuwa natikisa kichwa kusema nyamaza. Tuzo ile iliitwa ya mwigizaji wa nafasi ya pili. Akapewa aliyebebwa. Sijui kama mnaona ujinga wake vizuri, ninyi mnaotaka niwafundishe kuishinda.

Wiki ile Feza alirudi Mutshatsha. Mimi nikamrudishia Tata Prof kiti chake na chupa zake za maji.

Merveille alikuja kwangu baadaye, bila poda, na kitu ndani ya kitambaa. Alilia, na hakuwa amepaka zeri, maana pua nayo ilikuwa inatoka. Alisema alimpelekea Feza sanamu stesheni siku ya kuondoka, Feza akakataa, akamwambia amezidiwa na mizigo. Hawezi kukaa nayo nyumbani. Akaiacha mezani kwangu. Mlango wangu wa uani umekuwa na tabia ya kujifunga kwa upepo, na sanamu ina uzito mzuri. Mkija tena kunitembelea mtaiona pale chini inashikilia mlango, ni kazi ya kwanza ya maana iliyowahi kufanya.

Filamu iliyofuata ya Guylain mliiona wenyewe. Nafasi kubwa akacheza Merveille, safari hii na sauti yake, kwa sababu ile nyingine haikupatikana. Mlicheka hata kwenye matanga ya filamu. Nilikuwa nimekaa nyuma yenu, niliwasikia. Guylain naye alisikia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akapanda treni, akaenda mpaka Mutshatsha akamtafute Feza. Alimkuta na magunia yake kando ya reli. Alimwomba arudi kutia sauti. Feza akamjibu kwamba atakuja na sauti na sura, vyote pamoja, au atabaki na makala. Guylain akasema atafikiri. Bado anafikiri. Ana akili nyingi yule kijana, lazima zichukue muda.

Mwezi uliopita nilikwenda kule kumwona, maana treni iliamua kutembea. Mtoto wake mdogo ndiye aliyenibebea mfuko, hamwachi mama yake hata hatua. Nilikaa naye kando ya reli nikatazama biashara. Treni inasimama, Feza anaita makala, makala, na watu waliokuwa wanapita haraka wanasimama ghafla. Wanaijua sauti ile. Wameisikia mahali, usiku fulani, kwenye filamu ya mwanamke wa gari jeusi na gauni refu. Wanageuza shingo huku na huku wanamtafuta yule mwanamke mzuri. Hawamwoni. Wanaona mama mmoja ameinama juu ya gunia, basi wananunua makala, wanaondoka.

Nyie mliniuliza namna ya kushinda. Mimi mnachostahili kuniuliza ni nani alishinda mwaka ule. Pandeni treni mpaka Mutshatsha, vueni hiyo miwani, na mkishuka stesheni msitazame mtu. Mgeuze mgongo, mfumbe macho, mngoje aite.